Hylo-Comod: matone ya macho ya Kijerumani niliyohamia baada ya kuachana na dawa za kuondoa wekundu

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asimalize bando lake bure: hii dawa ni nzuri, nitanunua tena, ila haiondoi wekundu. Narudia, haiondoi wekundu. Wekundu unaondoka wenyewe taratibu jicho likishatulia, kazi ya hii ni kulipatia jicho unyevunyevu wakati linatulia, basi. Kama unatafuta kitu cha kudondoshea saa hizi ili jioni kwenye sendofu macho yang'ae kwenye picha, utaona umetapeliwa, maana hata mimi siku ya kwanza nilijiangalia kwenye kioo nikasema shemeji kaniletea maji kutoka Ulaya.

Mi ni fundi simu, niko Kariakoo. Kazi yetu unakodoa macho kwenye hadubini unatafuta njia iliyokatika kwenye bodi, hupepesi kope, moshi wa kulehemu unakupanda usoni, afu feni inakupuliza tangu mnafungua mpaka mnafunga. Mafundi wengi macho yetu mekundu na hatulalamiki. Yangu yaligeuka tatizo kuanzia ile redi aizi ya Januari 2024, nadhani mnaikumbuka, Dar nzima watu wamevaa miwani myeusi mpaka kwenye daladala, na Wizara ya Afya ikatoka kutangaza kwamba watu waache kujitibu kienyeji maana kila mtaa ulikua na dawa yake, huyu chai ya rangi, yule maziwa ya mama. Ule ulikua ugonjwa wa kirusi, wenyewe huisha baada ya wiki moja mbili bila dawa yoyote. Ila nani asubiri wiki mbili na vibanda viko wazi, nikaenda famasi, kijana akanipa kichupa cha kuondoa wekundu, nikadondosha palepale nje ya duka, dakika mbili tatu macho meupee utafikiri mtoto mchanga.

Kirusi kikaondoka, kichupa kikabaki.

Hicho kichupa sikitaji jina na wala haina maana kukitaja, kwasababu ziko za kampuni nyingi na zote zinafanya kazi kwa staili ileile. Ndani kuna dawa ya kubana mishipa ya damu, ukisoma kwenye boksi utakuta tetrahidrozolini au nafazolini au jina lingine linalofanana na hayo. Mishipa midogo ya kwenye weupe wa jicho ikibanwa damu haionekani, kwahiyo jicho linakua jeupe, sio kwamba limepona. Baada ya masaa kadhaa dawa inaisha nguvu, mishipa inafunguka, na ukiizoesha inafunguka kuliko mwanzo, wekundu unarudi umekomaa, unadondosha tena. Baadae inakua dawa yenyewe haishiki muda mrefu, ilikua inakupeleka mpaka mchana sasa hata chai ya saa nne haifiki. Za Marekani wameandika kabisa pembeni kwamba wekundu ukizidi masaa 72 acha dawa umwone daktari. Siku tatu hizo! Sasa hebu nionyeshe mtu wa huku aliyewahi kuambiwa hivyo dirishani wakati anahesabiwa chenji.

Kuna na jambo la pili ambalo ni baya zaidi na ndo hasa lilinifanya nikaja kwenye hii ya Kijerumani, nalo ni kihifadhi. Matone mengi ya macho yanayouzwa kwenye chupa ya kubinya yanawekewa kemikali ya kuua vijidudu ili chupa ikishafunguliwa isiharibike, na maarufu kuliko zote inaitwa benzalkoniamu kloraidi. Hiyo kitu ni jamii ya sabuni. Chozi letu sio maji matupu, juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasikauke, sasa ukidondosha sabuni kidogo kila baada ya masaa mawili, utando unavunjika, na ngozi ya juu ya jicho inachubukachubuka. Ndo unakuta mtu jicho linawasha na kukwaruza utadhani kuna mchanga, linakua jekundu, anadondosha, linakauka zaidi. Ukikaa humo miezi kadhaa hujui tena unatibu nini.

Na ukae ukijua kwetu macho mekundu sio ugonjwa, ni tabia. Mteja anakuletea simu ya bei mbaya anakuangalia machoni, anauliza kwa upole "fundi, utaweza leo kweli?" kumbe kichwani ameshakuvutisha bangi. Mi kwetu Shinyanga, na wenzangu wa Kanda ya Ziwa wanajua ninachosema, kule vikongwe wameuawa kwa kisingizio kwamba macho mekundu ni ya mchawi, na bibi wa watu alikua anapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote kwenye jiko lisilo na dirisha. Kwahiyo mtu akificha wekundu kwa kichupa msimcheke, ana sababu zake.

Nilipofika kwa daktari wa macho, mama mmoja mtu mzima hivi, hata hakuniangalia kwanza. Akaniambia "mdogo wangu, toa dawa zote unazotumia weka hapa mezani." Nikatoa. Kulikua na kile cha wekundu, kuna kingine cha kusafishia, na kuna kimoja nilipewa famasi nyingine nilipolalamika kwamba cha kwanza hakifanyi kazi tena. Akakiinua hicho cha mwisho akakisogeza kwenye taa.

"Hiki nani kakuandikia?"

"Famasi, dokta."

"Wamekuandikia au wamekuuzia?"

Kilikua ni antibayotiki iliyochanganywa na deksamethasoni, yaani steroidi. Hizo zinapunguza wekundu vizuri sana, ndo maana watu wanazipenda, lakini ukizitumia muda mrefu bila mtu kukupima zinaweza kupandisha presha ya jicho mpaka ukapata glakoma, ugonjwa unaoweza kukupofusha, na zinaleta mtoto wa jicho, na kama ndani kuna fangasi zinaipa nafasi ya kustawi. Akanipima presha ya macho hapohapo kabla ya kitu kingine, kawaida inatakiwa iwe kati ya 10 na 21, yangu ilikua ndani ya hapo nikashukuru Mungu. Ila sura aliyokua nayo wakati anasoma ile mashine sijaisahau. Hizi dawa bado zinauzwa tu dirishani bila cheti, unasema "macho" unapewa.

Afu akanipima ukavu. Kuna kikaratasi chembamba kina alama za milimita, wanakikunja kichwa wanakining'iniza kwenye kope ya chini, unakaa nacho dakika 5 huku unajisikia mjinga, afu wanasoma chozi limelowesha mpaka wapi. Jicho zuri linavuka 10 bila shida, la kwangu la kushoto halikufika hata 5. Kingine akaniwekea rangi ya njano akawasha taa ya bluu, akaniambia nisipepese, akawa anahesabu kimoyomoyo mpaka utando wa chozi upasuke. Unatakiwa ufike kama sekunde 10, wangu ulipasuka kabla hajaanza vizuri. Mwisho akaniminya ukingo wa kope, kumbe mle kuna vitundu vya mafuta, yakatoka mazito yameganda kama samli ya kipupwe, akasema yanatakiwa yatiririke.

Matibabu yake yalikua ya kukatisha tamaa. Acha vyote, leo. Tumia machozi ya bandia yasiyo na kihifadhi. Weka kitambaa cha moto kwenye kope kila siku. Geuza feni. Akanionya kwamba nikiacha, siku za mwanzo nitakua mwekundu kuliko nilivyokuja, nisidanganyike nikarudi famasi. Na kweli, jamani, ile wiki ya kwanza na ya pili sitaki kuikumbuka, nilifanya kazi na miwani ya jua ndani ya kibanda, wenzangu wakaniita Koffi Olomide.

Sasa kwenye dawa zenyewe. Kwanza nilitumia machozi ya bandia ya karboksimethiliselulosi, zile za chupa ya kawaida, zinapatikana famasi nyingi na bei yake haiumi. Sio mbaya. Zinalainisha, haziwashi. Tatizo nyingi zina kihifadhi, na daktari alisema chenye kihifadhi kisizidi mara nne kwa siku, na mimi jicho lilikua linadai zaidi ya hapo. Ukavu wako ukiwa wa kawaida hizo zinakutosha, usijitese kutafuta za Ulaya. Baada ya hapo nikapata vile vichupa vidogo vya plastiki vya kukata kichwa, vinakuja vimeshikana kwenye ukanda, unakata kimoja unatumia unatupa. Safi kabisa, hakuna kihifadhi, ila gharama, na ukishakata ndani ya siku moja umemalizana nacho hata kama kimebaki nusu, afu ukikata vibaya ile ncha inabaki na ukali wa kukwangua kope. Kwa safari ni vizuri sana. Kwa kila siku ni kuchoma hela.

Ndo shemeji yangu anayeishi Ujerumani akaniletea hii Hylo-Comod. Inatengenezwa na kampuni inaitwa Ursapharm, iko Saarbrücken. Chupa ni ya mililita 10, ndani kuna sodiamu haiyaluroneti miligramu 1 kwa kila mililita, hicho ni kitu ambacho hata mwili wenyewe unatengeneza, kinashika maji kwa nguvu sana, kwahiyo tone linakaa juu ya jicho halikimbii shavuni. Hakuna kihifadhi na hakuna fosfeti, ile chumvi inayowekwa kwenye baadhi ya matone.

Uhondo wenyewe ni chupa, na hapa nitaongea sana kwasababu mi ni fundi na vitu vya namna hii vinanikosesha usingizi. Haubinyi ubavuni. Unaigeuza kichwa chini, dole gumba juu ya kitako, vidole viwili kwenye mabega yake, unasukuma kitako kwa nguvu, linatoka tone moja. Moja tu, hata ukisukuma kwa hasira. Mara ya kwanza kabisa inabidi upampu kama mara 10 hivi hewani mpaka tone la kwanza litokee, nilidhani ni mbovu, kumbe imeandikwa kwenye karatasi. Chupa za kawaida ukiachia kubinya zinavuta hewa ndani, na hewa inaingia na uchafu wake, ndo maana wanalazimika kuweka kihifadhi. Hii dawa ndani iko kwenye kifuko, kila tone likitoka kifuko kinasinyaa, hewa haigusi dawa kabisa. Kwahiyo ukishaifungua unatumia mpaka miezi 6, wakati chupa nyingi za kawaida zinatakiwa kutupwa baada ya wiki nne. Wenyewe wanasema inatoa matone kama 300.

Mtu anaweza kusema hayo ni makeke ya Wazungu, chupa ni chupa. Hapana. Mwaka 2023 Marekani kulitokea janga la machozi ya bandia ya jina la EzriCare, yalitengenezwa Chennai, India, yalikua hayana kihifadhi lakini yapo kwenye chupa ya matone mengi, yakaingiwa na bakteria anaitwa Pseudomonas, tena sugu wa dawa nyingi. Wagonjwa 81 kwenye majimbo 18, watu 14 walipoteza uwezo wa kuona, wanne walitolewa jicho, na wanne walikufa. Kwa matone ya kulainisha macho tu! Kwahiyo ukiona chupa ya kubinya imeandikwa haina kihifadhi na haina mfumo wowote wa kuzuia hewa, tena inauzwa mtandaoni na mtu usiyemjua, mimi ningeiacha.

Inavyofanya kazi jichoni: ukidondosha unaona ukungu kidogo, sekunde chache tu, unapepesa unaisha. Haichomi. Ule mkwaruzo wa asubuhi, ile unafungua macho unahisi kope imenasa kwenye jicho, kwangu ulianza kupungua kabla wekundu haujapungua, na nadhani ndo dalili ya kuangalia badala ya kioo. Mwanzoni nilikua nadondosha kila nikimaliza simu moja, sasa hivi asubuhi, mchana na jioni inatosha. Weupe ulirudi taratibu mno, huwezi kusema ni siku gani, mpaka mama yangu kwenye simu ya video akasema "siku hizi unalala, eeh?" na sikua nalala chochote.

Kasoro zake sasa. Kitako ni kigumu. Mimi nina vidole vya kazi nasukuma, ila nilimpa mama mmoja jirani ana vidole vya baridi yabisi akashindwa kabisa, tone likaenda kwenye nyusi. Ukiwa umetoka kunawa mikono, inateleza. Pili huoni ndani, chupa nyeupe kabisa, hujui imebaki nusu au inaelekea mwisho, siku imekauka ndo unajua, na kama huna ya akiba pole yako. Tatu kwenye boksi wameandika isikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25. Nyuzi 25 Dar es Salaam mwezi wa pili, wapi? Kariakoo saa nane mchana? Mi naibeba kwenye kimfuko pamoja na chupa ya maji ya baridi, lakini ukweli ni kwamba sijui Mjerumani alikua anamwaza nani. Nne, kila nikimweleza mtu ananiuliza "kwani haina ya kung'arisha?"

Hilo la kung'arisha, kuna watu wananitumia picha za Lumify. Hiyo ni brimonidini ya kiwango kidogo, asilimia 0.025, Marekani waliiruhusu Desemba 2017, na dawa yenyewe kwa kiwango kikubwa ni ya zamani ya glakoma. Inabana mishipa kwa njia tofauti na zile za tetrahidrozolini na inasemwa hairudishi wekundu sana. Nilimuuliza yule mama daktari, akajibu kwa kifupi: "tibu ukavu kwanza, urembo baadae." Sijaigusa.

Nisije nikaipa dawa sifa za wengine, kitambaa cha moto kimefanya kazi kubwa. Maji ya moto ambayo ukiweka kiganjani unavumilia, kitambaa safi, unafumba unakiweka dakika 10, kikipoa unachovya tena, afu unakanda kope taratibu kuelekea kwenye ukingo wa kope. Yale mafuta yanalainika yanatoka. Haina hela yoyote, na bado ndo kitu watu wanakiruka. Feni nimeigeuzia ukutani, wenzangu walinuna siku mbili. Na kupepesa, aisee, mtu wa kawaida anapepesa kama mara 15 kwa dakika, ukiwa kwenye skrini au hadubini zinashuka mpaka hata nusu hazifiki, kwahiyo nimejizoesha kila nikishika koleo jipya nafumba macho kabisa, nafungua. Wateja wanadhani nasali.

Kama jicho linauma sana, au mwanga unakuchoma, au unaona ukungu usioisha, au wekundu uko jicho moja tu na limevimba, hapo hii wala yoyote ya dukani haikuhusu, nenda hospitali leoleo. Na waliotumia steroidi muda mrefu wasiache tu kimyakimya na kuendelea na maisha, wakapimwe presha ya macho kwanza.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya kitako na kwa ajili ya upatikanaji, maana hapa Dar nimezunguka famasi za Kariakoo zote nilizozijua na baadhi za Posta, wengi wanakuonyesha za chupa ya kubinya wanakwambia "ni ileile tu kaka." Sio ileile. Shemeji harudi mpaka Desemba na hii niliyonayo nikiitikisa naisikia nyepesi, kwahiyo kama kuna mtu anajua famasi inayouza hizi, au zozote zile za chupa isiyovuta hewa, aseme na bei yake kabisa.